Supu ya Mboga ya Kichina, na Karafuu Ndani Yake

Wanachama tunaijua karafuu shambani, juu ya mkeka na ghalani. Huko Uchina huijua pia katika duka la dawa, na huiita dingxiang. Zamani za utawala wa Han, yapata miaka 1,800 iliyopita, maofisa waliiweka kinywani waliposema na mfalme, ili pumzi zao zinukie. Nasi twawajua waganga wao: tangu mwaka 1964 madaktari wa jimbo la Jiangsu wamekuja kutibu Unguja na Pemba.

Uganga wao wa asili hugawa vyakula kuwa vya baridi, vya ubaridi kidogo, vya uvuguvugu na vya moto. Mzee wa kwetu hatastaajabu, maana naye ana vyakula vyake vya moto na vya baridi. Karafuu huhesabiwa ya uvuguvugu, nayo hutolewa kwa kwikwi na kichefuchefu cha tumbo lililopoa. Tumbo na bandama, wasemavyo, ndiyo meko ya mwili; unyevu na vyakula vya baridi huzima moto wake. Basi siku za mvua, au mtu atokapo katika homa, hupewa supu iliyochemka taratibu.

Kwa watu wanne, twaa nusu kilo ya kiazi kikuu. Wachina hutumia shanyao, ndugu yake kiazi hicho, na kama chetu huwasha mikono. Paka mafuta kabla ya kumenya. Tia karoti mbili, kipande cha boga, uyoga mkavu wa kiganja kimoja uliorowekwa, vipande vitatu vya tangawizi, na kunazi kavu sita. Kunazi za Kichina ni kubwa kuliko zetu, lakini ni jamaa moja; zikikosekana, tende tatu zatosha. Maji yawe lita mbili. Yakishachemka punguza moto, funika, uache muda wa saa moja. Boga litie nusu saa ya mwisho, ama sivyo litavurugika lote. Chumvi ni mwisho kabisa.

Karafuu je? Mbili tu, nzima, nazo zitolewe kabla ya kupakua. Wachina wenyewe huitia zaidi katika nyama kuliko katika mboga, na mkulima mwenye gunia ndani asidhani kwamba kumi zitafaa mara tano. Supu itakuwa chungu, na ulimi utakufa ganzi.

Vitabu vyao vya kale vyakataza kuchanganya karafuu na yujin, mizizi ya jamaa ya manjano. Wapishi wetu huchanganya karafuu na manjano katika pilau na mchuzi kila siku bila madhara, wala sioni sababu ya kuogopa. Lakini anayetumia dawa zao afuate neno la mganga wake.

Jambo la kuogopa hasa ni mafuta ya karafuu. Yasitiwe katika supu hata tone, wala mtoto asinyweshwe: mafuta hayo huweza kumdhuru ini, na wako waliofikishwa hospitali kwa kijiko kimoja. Chupa iwekwe juu, mbali na mikono yao. Na mwenye homa apimwe damu kwanza. Supu atakunywa akisharudi.