Vipaza sauti vya msikiti kutoka ng'ambo: unafuu uhesabiwe hadi mlangoni

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika misikiti mingi ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Tegeta na Bunju, vipaza sauti hununuliwa kwa michango ya waumini. Mama lishe hutoa sehemu ya faida yake, na kijana wa bodaboda hutoa alichojaaliwa siku ile. Bei za Kariakoo zikionekana nzito, mjumbe wa kamati hushauri: tuagize Dubai au Guangzhou, tuokoe fedha. Ushauri huo si mbaya, kwani biashara ya ng'ambo ni halali, na wazee wetu wa mwambao waliifanya kwa majahazi. Tunachokumbusha ni kwamba fedha ya msikiti ni amana, na amana haichezewi bahati nasibu.

Kwanza ni hesabu. Ushuru wa forodha hutozwa juu ya bei pamoja na usafiri na bima. Tuchukulie amplifaya na spika za shilingi 1,000,000, na usafiri na bima shilingi 200,000. Kwa ushuru wa asilimia 25, ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki huutoza kwa bidhaa nyingi zilizokamilika, huongezeka shilingi 300,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya jumla hiyo yote, nayo ni shilingi 270,000. Milioni moja imekwishakuwa 1,770,000, kabla ya malipo ya wakala wa forodha na ada nyinginezo. Wapo wanaokimbilia ankara ya bei ya uongo. Je, inafaa chombo cha kuadhinia kipite forodhani kwa ushahidi wa uongo?

Pili ni umeme. Wetu ni volti 230, na wa Dubai unaafikiana nao. Wa Marekani ni volti 120. Amplifaya ya huko isiyo na swichi ya kubadili volti, ikichomekwa hapa bila transfoma, huungua. Aidha, wati kubwa zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za kilele cha nukta moja. Ulizeni wati za kudumu.

Tatu ni mkataba. Katika hadithi ya Ibn Abbas (R.A.), iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wa Madina wakilipia matunda kabla ya kuyapokea. Hakuwakataza, bali aliwataka kipimo, uzito na muda vijulikane. Basi anayelipa kabla na aandikishe aina, idadi, siku na mahali pa kupokelea. Sheria pia humpa mnunuzi hiari ya kurejesha bidhaa iliyofichwa aibu. Haki hiyo haipotei muuzaji akiwa Guangzhou, lakini nauli ya kuidai yaweza kuimeza. Wa Kariakoo hufuatwa kwa daladala.

Kwa hiyo, kamati na iweke hesabu zote mbili mbele ya waumini, kila moja hadi mlangoni mwa msikiti. Tofauti ikiwa ndogo, nunueni hapa penye fundi na dhamana. Ikiwa kubwa, agizeni kwa maandishi, na kila stakabadhi ihifadhiwe. Yule mama lishe ana haki ya kujua shilingi yake imekwenda wapi.

Allah atujaalie kuwa waaminifu wa amana. Wallahu a'lam.