Springi, Difu na Maana ya "Kufunga": Uundaji Upya wa Magari ya Porini katika Bonde la Ufa

Kati ya Naivasha na Nakuru, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, ardhi hubadilika mara kadhaa. Kandokando ya Ziwa Elementaita pana vumbi la volkeno lililo laini kama unga. Chini ya Menengai pana mawe meusi yenye makali. Ukipanda kuelekea Njoro, Mau Narok na Olenguruone, udongo hugeuka utelezi mtupu mvua ya Aprili inaponyesha. Gari lililoundwa kwa ajili ya lami za Ulaya au Japani haliwezi kustahimili hali hizi zote bila kuguswa na mkono wa fundi. Ndiyo maana gereji za ukanda huu zimekuwa, kwa miaka mingi, mahali pa kuyaunda upya magari: kuinua, kukaza, kubadilisha meno na kuchomelea vyuma.

Makala haya yanakusudia kufafanua mambo mawili. La kwanza ni namna kazi hiyo inavyofanywa katika sehemu mbili za gari, yaani mfumo unaolibeba gari juu ya magurudumu yake na mfumo unaopeleka nguvu za injini hadi kwenye magurudumu hayo. La pili ni lugha inayotumika katika kazi hiyo. Huenda msomaji akashangaa kuyakuta masuala ya springi na ekseli katika jarida la chama cha Kiswahili. Hata hivyo, mafunzo ya ufundi katika vyuo vyetu hutolewa kwa Kiingereza, ilhali maelezo ambayo mwenye gari hupewa na fundi wake hutolewa, kwa kiasi kikubwa, kwa Kiswahili. Maelezo hayo yakipotoka, gari huenda likapinduka.

Mashindano mawili yamechangia sana umaarufu wa magari haya. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 na zikawa sehemu ya ubingwa wa dunia kuanzia mwaka 1973 hadi 2002. Ziliporejea katika ubingwa huo mwaka 2021, makao yake yalikuwa Naivasha, na sehemu zake kama vile Soysambu na Elementaita zikajulikana ulimwenguni kwa vumbi lake. Shindano la pili, Rhino Charge, lilianzishwa mwaka 1989 ili kuchangisha fedha za kujenga uzio kuuzunguka msitu wa Aberdare. Uzio huo, wenye urefu wa takribani kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009. Na mwaka 2014 ukakamilika ule wa msitu wa Mau Eburu, ulio juu ya Naivasha na Gilgil. Kinyume na Mbio za Safari, Rhino Charge haishindaniwi kwa kasi. Dereva hupewa saa 10 kufika katika vituo 13, na mshindi ni yule aliyevifikia vyote kwa kusafiri umbali mfupi zaidi. Kwa hiyo hukata moja kwa moja, kwenye makorongo na miamba. Gari la Safari huhitaji kuruka na kutua salama. La Rhino Charge huhitaji kutambaa.

Tuanze na springi. Katika gereji neno hili hutumika kwa vitu viwili vyenye maumbo tofauti kabisa: zile za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na zile za koili, yaani chuma kilichosokotwa. Land Rover za zamani zilikuwa na mabapa mbele na nyuma. Toyota Land Cruiser za kubeba mizigo, ambazo ni nyingi mno katika mashamba ya Nakuru, zimekuwa na koili mbele na mabapa nyuma tangu mwaka 1999. Kazi ya springi ni kubeba uzito na kuruhusu gurudumu kupanda na kushuka. Lakini springi ikibonyezwa huruka, ikiruka hubonyea tena, na ingeendelea hivyo kwa muda mrefu kama isingekuwapo shokamzoba, ambayo fundi wa Tanzania huiita shokapu. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo. Mruko wa springi hugeuzwa hapo kuwa joto. Ndiyo sababu katika barabara ya vumbi yenye mawimbi shokamzoba huchemka, mafuta hufanya povu, na gari huanza kudundadunda kama mpira. Wanaoshindana huongeza shokamzoba ya pili kwa kila gurudumu, au hutumia ile yenye chupa ya nje ya kupoza mafuta.

Marekebisho ya kawaida zaidi si ya mashindano. Mkulima wa Molo anayebeba magunia ya viazi humwomba fundi "aongeze springi", yaani bapa moja au mawili zaidi. Gari husimama wima hata likipakiwa. Bei ya ongezeko hilo hulipwa porini: springi ngumu haikunjiki, gurudumu likiingia shimoni jingine huning'inia hewani, na gurudumu linaloning'inia halisukumi chochote. Mtaalamu wa Rhino Charge hufanya kinyume. Hutafuta springi ndefu na laini kiasi ili magurudumu yote manne yabaki ardhini hata gari linapojipinda.

Wengine huliinua gari lote kwa inchi mbili au nne. Jambo hili hupendeza macho, na kwa maoni yangu hupendeza mno kuliko inavyostahili. Gari linapoinuliwa, kitovu cha uzito wake hupanda, na uwezekano wa kupinduka kwenye kona huongezeka. Propela, ule mhimili unaotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, huanza kuzunguka kwa pembe kali, na viungo vyake huchakaa upesi. Mipira ya breki, iliyokatwa kwa urefu wa gari la awali, huvutika. Gurudumu linaposhuka kabisa mpira huweza kukatika. Pembe ya ekseli ya mbele nayo hubadilika, hata usukani ukaacha kujirudisha wenyewe baada ya kona. Fundi bora huyashughulikia haya yote kabla ya kumkabidhi mwenye gari ufunguo.

Tukigeukia mfumo wa kupeleka nguvu, hesabu ndogo itatusaidia. Tuchukue gari ambalo difu yake ina gurudumu la meno 41 linaloendeshwa na pinioni ya meno 10. Uwiano wake ni 4.1: propela huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Iwapo gia ya kwanza ina uwiano wa 4 na gia ya polepole ya porini ina 2.5, basi injini huzunguka mara 41 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Hapo ndipo nguvu za kupanda korongo zinapotoka.

Sasa mwenye gari huondoa matairi ya inchi 31 na kuweka ya inchi 35. Kipenyo kimeongezeka kwa takribani asilimia 13. Injini sasa inasukuma gurudumu kubwa zaidi kwa meno yale yale. Gari huwa zito kuondoka, klachi huumia mlimani, na breki zinapaswa kusimamisha kitu kizito zaidi. Aidha, kipimo cha mwendo kikionyesha 80, gari liko karibu na 90. Ili kurejesha hali ya awali, uwiano wa difu unapaswa kuwa karibu 4.6. Fundi hutafuta seti ya meno 41 kwa 9, inayotoa 4.56. Meno hayo hununuliwa kwa jozi, kwa kuwa yamesagwa pamoja kiwandani. Tena ni lazima difu ya mbele na ya nyuma zibadilishwe zote mbili. Zisipolingana, ekseli moja itakuwa ikiivuta nyingine pindi magurudumu manne yanapounganishwa, na kitu fulani kitavunjika.

Hapa lugha inaingia kwa uzito wake. Difu iliwekwa ili magurudumu mawili ya ekseli moja yaweze kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa kuwa kwenye kona gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Ubaya wake huonekana topeni: nguvu hukimbilia gurudumu linaloteleza na lile lililo mahali pakavu hutulia tuli. Basi kikabuniwa kifaa cha kuyalazimisha magurudumu yote mawili kuzunguka pamoja. Kwa Kiswahili sanifu tungesema kifaa hicho "hufunga difu". Lakini katika gereji, "kufunga" ni kuweka kipuri mahali pake: fundi hufunga springi, hufunga injini, hufunga difu. Sentensi "difu imefungwa" ina maana mbili, na ya pili yaweza kuua. Anayeingia barabara kuu ya Nakuru akidhani difu yake imefungwa tu kama kipuri, kumbe imekazwa, atakuta gari linakataa kukata kona, hasa kwenye lami kavu.

Mafundi wameupatia utata huu suluhisho lao. Kuweka ni "kufunga". Kukaza ni "kuloki". Mwanafunzi wa isimu aliyefundishwa kulitilia shaka kila neno la mkopo atalitazama "kuloki" kama uvivu wa mafundi. Naona kinyume. Ni mkopo uliokuja kutenganisha maana mbili ambazo neno asilia lilizichanganya, na umepokea viambishi vya Kiswahili bila taabu: difu imelokiwa, ilokiwe, haijalokika. Anayetaka kuleta istilahi mbadala, kama vile "kukaza difu", hana budi kwanza kuthibitisha kwamba haitamchanganya mwenye kukaza nati.

Upande mwingine, yapo maneno ambayo gereji haikuhitaji kuyakopa. Springi zilizopoteza nguvu "zimelala". Difu ambayo meno yake yameanza kuachana "inalia", na kweli hulia, kwa sauti nyembamba inayopanda pamoja na mwendo. Usukani wenye viungo vilivyolegea "unacheza". Gari lenye pembe mbaya "linakula matairi", na klachi iliyokwisha "inateleza". Haya si mapambo. Kila kitenzi kinaelekeza kwenye ugonjwa mmoja mahususi, na fundi akilisikia neno hujua pa kuanzia kabla hajaingia uvunguni. Kinachokosekana ni neno fupi, linaloeleweka na wote, la ile hali ya kitovu cha uzito kupanda baada ya gari kuinuliwa. Kwa sasa fundi husema tu kwamba gari "limekuwa juu", na mwenye gari, akiwa amelipia urefu huo, huipokea kauli hiyo kama sifa.