Mzee Mwenye Ugonjwa wa Figo Anapopata Nafuu

Katika familia nyingi za hapa Chumbageni yumo mzazi aliyeishi na presha au kisukari kwa miaka mingi. Siku moja miguu yake huanza kuvimba, uso huumuka asubuhi, chakula hakimwendi. Akipimwa, huambiwa figo zimedhoofika. Watoto huchangishana nauli na fedha za dawa, na baada ya miezi michache mzee huanza kurudi katika hali yake. Uvimbe umekwisha, anakula, anakwenda kanisani kwa miguu yake. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini wakati huo wa furaha ndipo familia nyingi hulegea. Mwezi huu tueleze maana ya nafuu hiyo na namna ya kuilinda.

Kazi ya figo

Kwa kawaida mtu ana figo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo huchuja lita 180 hivi za majimaji kutoka katika damu, hurudisha karibu yote mwilini, na kuacha lita moja au mbili zitoke kama mkojo. Pia hurekebisha chumvi na presha, na husaidia mwili kutengeneza damu.

Kisukari na presha huharibu vichujio hivi polepole, bila maumivu. Ndiyo sababu wengi huchelewa kujua. Uchunguzi uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa watu wazima 7 hivi katika kila 100. Kati ya hao wagonjwa, karibu 1 tu katika 10 ndiye aliyejua kwamba anaumwa.

Nafuu hutoka wapi?

Kichujio kilichokufa hakifufuki. Mzee amepata nafuu kwa sababu vichujio vilivyobaki vimepunguziwa mzigo. Dawa ya kukojoza imetoa maji yaliyozidi. Dawa za presha, hasa za aina ya enalapril na losartan, zimepunguza msukumo ndani ya vichujio. Chumvi imepungua, sukari imeshikwa. Pengine pia figo zilikuwa zimepata pigo la muda, kama vile kuharisha sana au dawa isiyofaa. Pigo hilo likiondoka, sehemu ya nguvu hurudi.

Basi nafuu hii ni kazi inayoendelea kufanywa. Ni kama ngalawa inayovuja: ndani ni kukavu kwa sababu yuko mtu anayekumba maji. Akiketi kupumzika, maji hurudi. Mzee akisema, "Nimepona, dawa zinanichosha," tumjibu kwa upole kwamba amefika hapo kwa sababu ya dawa hizo.

Nafuu ya kweli na nafuu ya kudanganya

Nafuu ya kweli huonekana kwa macho na pia kwa vipimo. Uvimbe hupungua, mzee hulala bila kubanwa na pumzi, presha hukaa katika kiwango alichotaja daktari. Maabara nayo huonyesha kwamba kreatinini katika damu haipandi, na protini katika mkojo inapungua.

Lakini ziko dalili mbili zinazofurahisha familia kumbe ni za hatari. Ya kwanza ni sukari kushuka yenyewe. Figo zikidhoofika, insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamidi, hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Familia husema kisukari kinapona, kumbe dawa imekuwa nyingi kupita kiasi. Mzee anaweza kutoka jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Apewe kitu cha sukari mara moja kama anaweza kumeza, kisha apelekwe kwa daktari ili dawa ipimwe upya.

Ya pili ni kreatinini kushuka huku mzee anakonda. Kreatinini hutokana na misuli, na misuli ikinyauka nayo hupungua. Kwa hiyo mwambieni daktari kuhusu uzito na hamu ya chakula, msimpelekee karatasi ya maabara peke yake.

Mambo yanayovunja nafuu

Dawa za maumivu. Mzee akianza kutembea, magoti humuuma, na mtoto hukimbilia dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kwa kawaida parasetamoli ni salama zaidi, kwa kipimo alichoelekeza mganga.

Mitishamba na birimbi. Dawa isiyojulikana kipimo chake ni hatari kwa figo dhaifu. Hata birimbi tunazotilia achari zina asidi nyingi ya oksaliki. Huko Kerala, India, madaktari wameeleza habari za watu walioharibika figo baada ya kunywa maji mengi ya birimbi kama dawa.

Chumvi. Kipimo cha mtu mzima kwa siku ni chini ya gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari ndani ya vyakula. Papa mkavu, ng'onda na vidonge vya kuungia mchuzi humaliza kipimo hicho upesi. Ndimu, vitunguu na tangawizi vitasaidia ladha.

Potasiamu. Vipimo vikionyesha imezidi, inaweza kusimamisha moyo. Hapo madafu, ndizi na machungwa ya Muheza hupunguzwa. Viazi vikatwe vipande vidogo, vichemshwe katika maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Lakini msimnyime mzee matunda kabla ya kuambiwa, asije akadhoofika bure.

Maji. Si kila mgonjwa wa figo anatakiwa kunywa maji mengi. Mwenye uvimbe huenda akapunguziwa. Mwulizeni daktari kiasi, hasa katika joto la kaskazi.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Mzee akiharisha au kutapika siku nzima, akipungukiwa sana mkojo, akibanwa na pumzi, akichanganyikiwa, au moyo ukienda ovyo, msingoje tarehe ya kliniki. Pelekeni na dawa zake zote, kwa maana nyingine huenda zikasimamishwa kwa muda.

Kazi ya familia

Mtoto mmoja ashike daftari la presha, uzito, dawa na tarehe za vipimo. Mwingine asimamie jikoni. Aliye mbali atume fedha za dawa kabla hazijakwisha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Ulizeni utaratibu katika dirisha la wazee.

Mzee anaweza kuishi miaka mingi na figo dhaifu bila kufikia kusafishwa damu kwa mashine. Tarehe ya kliniki ijayo iandikeni leo, hata kama mzee anajisikia mzima.