Je, Wajua? Kinasi isiyojua kupumzika

Binadamu ana jeni zipatazo 500 za kutengeneza kinasi. Hivi ni vimeng'enya vinavyonyofoa fosfeti kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Protini iliyobandikwa huamka, hulala au huhamia kwingine ndani ya seli. Kazi ndogo hiyo, lakini huamua hata seli igawanyike lini.

Kinasi ina sehemu mbili, ndogo juu na kubwa chini, mfano wa chaza aliyeachama. ATP hukaa katikati.

Mwaka 1960, huko Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wa saratani ya damu iitwayo CML. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha chanzo chake: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Hapo jeni ya kinasi ABL huungana na jeni BCR, na kinasi inayozaliwa hufanya kazi bila kukoma.

Imatinibu, dawa ya CML iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huinasa ABL ikiwa katika umbo la mapumziko na kuizuia isiamke. Ujanja wenyewe uko hapo: zikiwa kazini kinasi hufanana mno, lakini zikipumzika hutofautiana zaidi, kwa hiyo dawa hupata pa kuchagua.

Saratani nayo haikosi hila. Asidi amino moja tu ya ABL, treonini ya 315, ikigeuka isolusini, imatinibu hukosa pa kushika. Ponatinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2012, iliundwa ili kukikwepa kizuizi cha isolusini hiyo.