Deni la Hewa Katika Kuta za Husuni Kubwa

Msomaji mmoja aliyevuka kutoka Kilwa Masoko kwenda kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani ameuliza: kuta za Husuni Kubwa zinashikwa na nini, ilhali saruji haikuwapo zilipojengwa? Jibu fupi ni chokaa, na wengi huishia hapo. Kwangu hapo ndipo utamu unapoanza.

Historia nitaipita mbio. Jumba hilo lenye vyumba zaidi ya 100 lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, nalo linahusishwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Limekaa juu ya genge linaloitazama bahari, na birika lake la pembe nane lingali likionekana.

Sasa chokaa. Matumbawe ni kazi ya wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya kalsiamu kaboneti kutokana na madini yaliyoyeyuka baharini. Mafundi wa pwani walipanga magogo kwa duara, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake, wakawasha tanuu. Joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe huachia gesi ya kaboni dioksidi. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi hupoteza kilo 44 za gesi, zikabaki kilo 56 za chokaa isiyozimwa. Ikizimwa kwa maji hutokota na kutoa moshi wa mvuke, kisha inakuwa laini, tayari kuchanganywa na mchanga.

Zile kilo 44 ni deni. Hewa imelikopa jiwe, na fundi akishamaliza kujenga, hewa huanza kulipa. Hailipi kwa mkupuo. Huanzia usoni pa ukuta, ikipenya vinyweleo kidogo kidogo, kila chembe ya gesi ikishikana na chokaa na kuigeuza tena kalsiamu kaboneti. Unyevu ndio karani wa malipo: gesi lazima iyeyuke ndani ya maji kwanza, kwa hiyo ukuta mkavu kabisa haulipwi. Uliolowa chepechepe nao haulipwi, maana njia za hewa zimeziba. Ndani ya ukuta mnene, sehemu ya deni inaweza kukaa miaka na miaka bila kulipwa, na deni hilo ndilo akiba ya jengo. Ukitokea ufa mwembamba, maji ya mvua huyeyusha chokaa inayodai bado, huisukuma hadi kwenye ufa, hewa huikuta pale na kuilipa palepale. Ufa unajizibia kwa jiwe jipya! Ufa mpana haupati bahati hiyo.

Badiliko hili linahitaji jina. “Ukaboneshaji” linanikwaruza koo. Nachagua “kurudi jiwe”, kwani chokaa hurudi kuwa kile kile ilichokuwa kabla ya kuingia tanuuni.

Kwa sababu hiyo sikubali kabisa saruji ikipakwa kwenye magofu ya matumbawe. Saruji ni ngumu na imeshikamana kuliko jiwe lenyewe. Unyevu wenye chumvi ya bahari, ukikosa njia ya kutokea kwenye maungio, hutokea kwenye matumbawe. Maji yakikauka, fuwele za chumvi hukua ndani ya vinyweleo na kulimegua jiwe. Kiraka kinabaki kizima huku ukuta ukiliwa pembeni yake. Chokaa hupumua, na ikibidi kuliwa, italiwa yenyewe kwanza. Fundi ataiondoa na kuweka nyingine.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatajwa kuwa hatarini mwaka 2004, yakaondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari mwaka 2014. Mawimbi yanayokula ufukwe ni jambo lingine. Hapo chokaa haina la kufanya, mikoko ndiyo inayopunguza nguvu ya bahari.

Ukienda, sogeza macho karibu na maungio ya mawe bila kuyakwangua. Katika chokaa ya zamani ya namna hii huonekana madonge meupe ambayo hayakuchanganyika sawasawa na mchanga, na mara nyingine punje nyeusi za mkaa. Mkaa huo ulitoka kwenye magogo ya tanuu.