Paa la bati likianza kuvuja, kagua misumari kwanza

Kila mvua zinapokaribia, swali moja hurudi kwenye kipindi chetu: bati halina tundu kubwa, mbona nyumba inavuja? Wengi huanza kutafuta fedha za bati jipya. Lakini mara nyingi bati bado lina miaka yake. Kilichochoka ni misumari.

Kwa nini misumari hulegea?

Mabati mengi ni chuma kilichopakwa zinki. Jua likiwaka chuma hutanuka, usiku husinyaa. Bati la mita 3, joto likipishana kwa nyuzi 40 kati ya mchana na usiku, hubadilika urefu kwa karibu milimita 1 na nusu. Ni kidogo, ila hutokea kila siku. Taratibu msumari hulegea kwenye papi, mpira wa chini ya kichwa chake hupasuka na tundu hupanuka. Maji yakipenya, bati hushika kutu na papi huoza. Papi iliyooza haishiki msumari, na upepo mkali ukija huondoka na bati.

Kuna pia makosa ya siku ya kuezeka. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati. Ukipigwa bondeni, uko njiani mwa maji. Mabati yakipishana kidogo mno, mvua ya upepo huingia katikati yake. Na kumbuka, geji 32 ni jembamba kuliko geji 28: namba ikipanda, unene unapungua.

Tafuta maji yanapoingilia

Usiliamini doa la kwenye dari. Maji hutambaa juu ya papi na kenchi kabla ya kudondoka. Kama nyumba haina dari, ingia mchana wa jua, funga milango na madirisha, utazame juu: penye mwanga pana tundu. Kama ina dari, pita juu yake na tochi, ukikanyaga mbao tu, na ufuate alama ya maji kwenda juu kuelekea kwenye kofia.

Namna ya kurekebisha

Msumari uliolegea usiugongee tena. Ung'oe, kisha weka skrubu nene zaidi, yenye mpira mpya, kwenye tundu lile lile. Ukipiga msumari mpya pembeni, umeongeza tundu la pili.

Kutu ya juu juu isugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, upake rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya bati. Lami au silikoni ikipakwa juu ya kutu hubanduka, na kutu huendelea kula chini yake. Bati linalotoboka kwa kubonyezwa na bisibisi, badilisha. Papi iliyooza nayo ibadilishwe kabla ya kurudisha bati.

Majani yaliyorundikana yafagie, kwa sababu hutunza unyevu.

Usipande bati likiwa na maji au mawingu ya radi yakiwa karibu. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, ambako chini kuna papi, na kaa mbali na waya wa umeme.

Lini ukague?

Kwenye mikoa ya vuli na masika, kagua Septemba na Februari. Mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, Oktoba inatosha. Skrubu chache za leo ni nafuu kuliko kuezeka upya mvua zikiwa zimeanza.