Kijana Aliyengojeshwa

Kila mwaka ikaribiapo sikukuu ya somo wa parokia yetu, ugomvi mmoja hunijia ofisini kabla ya mambo mengine yote. Si wa michango, wala wa zamu za kupamba kanisa. Ni ugomvi wa timu. Wakubwa husema, "Watoto hawa watatuaibisha mbele ya wageni." Vijana nao husema, "Kaka zetu wamekwisha choka mbio, mbona hawatuachii nafasi?" Kisha huja wazazi: mmoja aomba mwanawe achezeshwe, mwingine amkataza wake kwa sababu magugu yamezidi shambani. Basi leo nataka kuwasimulieni habari za kijiji kimoja cha Uingereza, ambacho watu wake walikutana na shauri hili hili zaidi ya miaka 200 iliyopita, ingawa mchezo wao haukuwa mpira wa miguu bali kriketi.

Kriketi wengi wetu hatuijui, kwa hiyo yafaa niieleze kidogo. Kila upande una watu kumi na mmoja. Upande ulio katika zamu ya kupiga hutoa watu wawili wawili, na upande wa pili wote hutawanyika uwanjani. Mrushaji huutupa mpira mgumu wa ngozi kuviendea vijiti vilivyosimikwa chini. Mpigaji huvikinga vijiti vyake kwa gongo bapa la mti, na akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia wakibadilishana mahali. Kila wabadilishanapo salama, huhesabiwa mbio moja. Vijiti vikiangushwa, au mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji ametoka, wala harudi tena katika zamu ile. Watu kumi wakiisha kutoka, zamu imekwisha, kwa maana yule aliyebaki hana mwenzi wa kukimbia naye. Nawaomba mkumbuke jambo moja tu: nahodha ndiye apangaye nani aingie kwanza na nani awe wa mwisho.

Kijiji chenyewe huitwa Hambledon, katika wilaya ya Hampshire, kusini ya Uingereza. Wanakijiji walikuwa wakicheza juu ya kilima kiitwacho Broadhalfpenny Down, mbele ya nyumba ya wageni iitwayo Bat and Ball. Mtunzaji wa nyumba hiyo kwa muda mrefu alikuwa Richard Nyren, naye ndiye aliyekuwa nahodha. Wachezaji wake walikuwa watu wa kazi kama sisi: David Harris alikuwa mfinyanzi wa vyungu, John Small alianza kwa kushona viatu, na wengine walikuwa wakulima. Lakini mwaka 1777, huko Sevenoaks, watu hao walishindana na wachezaji waliochaguliwa katika Uingereza nzima. Hambledon walipata mbio 403 kwa zamu moja. Wenzao walipiga zamu mbili, wakapata 166 na 69, na hesabu zote mbili zikijumlishwa bado zilipungukiwa na mbio 168. Mtu mmoja tu wa Hambledon, James Aylward, alipata peke yake 167.

Mabwana wakubwa ndio waliokuwa wakiweka dau, mara nyingi ginea 500 kwa mchezo mmoja, na ginea moja ni shilingi 21. Kamari siisifu hata kidogo, nayo baadaye iliuchafua sana mchezo huo. Nimeitaja ili mjue kwamba mchezo wao haukuwa wa kupoteza jioni tu.

Sasa nije kwa Noah Mann. Alizaliwa mwaka 1756, akajiunga na klabu akiwa na umri wa miaka ishirini hivi. Alikuwa fundi viatu, mtu wa mkono wa kushoto, mwenye mbio kupita wote. Kwao kulikuwa mbali, kiasi cha maili 20, lakini kila Jumanne alipanda farasi wake akaja mazoezini. Wenzake walipenda kutupa vitambaa chini njiani, naye aliinama kutoka mgongoni mwa farasi aliye mbioni akaviokota. Kijana wa namna hiyo mnamjua, kila kijiji kina wake. Ana nguvu, ana moyo, lakini kungoja hajui.

Siku moja Hambledon walikuwa wakicheza na timu ya Uingereza, na mambo yakawa mabaya. Wapigaji walitoka mmoja baada ya mwingine. Noah alikuwa akimsihi nahodha tena na tena, "Niingize mimi." Nyren akamjibu kwamba ataingia wakati wake ukifika. Akaingia wa pili, wa tatu, wa tano, wa nane, na Noah bado yuko nje. Alipoitwa alikuwa ndiye mtu wa mwisho kabisa, na mbio zilizotakiwa zilikuwa kumi. Akitoka yeye, mchezo umekwisha na Hambledon wameshindwa.

Aliyekuwa akirusha mpira ni Edward Stevens, mtunza bustani wa bwana mmoja mkubwa. Watu walimpa jina la Lumpy, na wengi walimwona kuwa mrushaji bora wa siku zake. Sir Horace Mann, tajiri aliyependa sana mchezo huu, alikuwa akitembeatembea nje ya uwanja na kukata maua ya majani kwa bakora yake, kama ilivyokuwa desturi yake moyo ukimsumbua. Wazee wa mashamba waliinama mbele wameegemea fimbo zao ndefu. Watu wote kimya.

Noah akauzuia mpira wa kwanza na wengine. Kisha Lumpy akakosea kidogo, akautupa mbele kupita kiasi, na Noah akauendea, akaupiga kwa nguvu zake zote. Mbio sita zikapatikana kwa pigo lile moja, na kelele za watu zikajaa kilima kizima. Zikabaki nne. Hapo mnadhani kijana alizikimbilia? La. Kwa muda mrefu hapakupatikana hata mbio moja. Alisimama akikinga vijiti vyake tu, mpira baada ya mpira. Kisha polepole akazipata zote, na Hambledon wakashinda.

Baadaye hakumshukuru nahodha. Alimlaumu! Alisema kwamba angeingizwa saa moja kabla, angewatenda wale watu vilevile. Lakini mzee alikuwa amepima.  Alijua kwamba Noah ni mtu asiyetetemeka mambo yote yakimwangukia. Kumweka mwisho hakukuwa kumdharau. Pale mwisho ndipo palipomfaa.

Hapa sina budi kuungama jambo langu mwenyewe. Mimi husaidia kuongoza timu ya vijana wa parokia, na katika sikukuu iliyopita nilimngojesha kijana mmoja wa darasa la saba. Nilimwambia, kama Nyren, "Wakati wako utafika." Haukufika. Tulikuwa tumefungwa bao moja, nikaogopa lawama za wakubwa, nikawaacha walewale hata filimbi ya mwisho. Kijana alirudi nyumbani na fulana safi kama ilivyotoka kwenye pasi ya mama yake. Nyren alingoja kwa kuwa alimjua kijana wake. Mimi nilingoja kwa kuwa sikumjua wangu, wala sikujaribu kumjua.

Nyingi za habari hizi tumezipata kwa mtoto wa nahodha, John Nyren, aliyezaliwa mwaka 1764. Akiwa na umri wa miaka 14 hivi aliingia katika klabu ya baba yake, si kama mfalme mdogo, bali kama farasi mdogo wa shamba, ndivyo alivyosema mwenyewe, kufanya lolote alilotumwa. Kwa kutumwa huko akajifunza mchezo wote. Wakatoliki wenzangu watafurahi kusikia kwamba watu wa nyumba hiyo walikuwa Wakatoliki, na kwamba kijana huyo alifundishwa Kilatini kidogo na Mjesuiti mmoja mzee. Lakini yeye alikiri kwamba fidla aliijua kuliko Kilatini. Wale watu wahamaji waliopita kijijini kila mwaka aliwafundisha nyimbo za fidla, nao wakawaacha kuku wa kwao salama! Kitabu chake kilitoka mwaka 1833, na bila hicho tusingelijua kisa hiki cha Noah.

Na ninyi wazazi wa magugu sikuwasahau. William Beldham, aliyezaliwa mwaka 1766, alikuwa kijana wa kazi za shamba, na fundi wake wa kwanza wa kriketi alikuwa mwoka mikate ya tangawizi. Sifa zake zilipoenea, Bwana wa Winchilsea alikwenda mwenyewe kwa mkulima aliyemwajiri, kumwombea ruhusa aachwe akacheze. Hakumtorosha shambani. Beldham akawa mpigaji hodari kupita wengi wa zamani zake, na mwaka 1821, mwenye miaka 55, alikuwa bado akicheza na vijana.

Siku hizi katika vijiji vya Uingereza watoto wangali wanachezeshwa pamoja na baba zao, lakini kwa sheria. Mpira ni mgumu, kwa hiyo aliye chini ya miaka 18 huvaa kofia ngumu ya kinga apigapo. Watoto wa kundi la chini ya miaka 13 hawaruhusiwi kusimama karibu na mpigaji kuliko mita 10. Kijana arushaye kwa kasi huhesabiwa mipira yake, mgongo usije ukaharibika ungali mchanga. Hayo nayapenda. Na kilima cha Broadhalfpenny Down kingali kinachezewa, na jiwe la ukumbusho lililowekwa mwaka 1908 lasimama hapo, kuelekea nyumba ile ya wageni.

Juzi nilikutana na yule kijana wangu njiani, ana jembe begani. Aliniamkia vizuri, nami nikamwuliza kama atakuja mazoezini kwa ajili ya sikukuu. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, ukiniambia kwanza nitaingia saa ngapi, nitakuja." Nimemwahidi mwanzo wa kipindi cha pili. Baba yake amekubali, palizi ikiisha. Nahodha bado.